Mgeni Aliyeshika Jembe Mwenyewe

Siku moja, tulipokuwa tukinywa chai katika chumba cha walimu, mwenzangu mmoja alisema neno lililonikera, nami sina budi kulijibu. Tulikuwa tukizungumza habari za Wagurung, watu wa milima ya Nepali waliohamia Uingereza, na jinsi vyama vyao vichangavyo fedha kwa ajili ya wahitaji. Mwenzangu akacheka, akasema, "Mgeni asiye na shamba wala nyumba atoa sadaka ya nini? Huyo ajionyesha tu. Na ashibishe watoto wake kwanza." Wengi walimwitikia. Mimi nasema kwamba walikosea, na kosa lao ni kosa la watu wengi.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Wagurung, ambao kwa lugha yao hujiita Tamu, ni watu zaidi ya laki tano huko Nepali, na kwao hasa ni mitelemko ya milima ya Annapurna na wilaya za Kaski, Lamjung na Gorkha. Tangu mwaka 1815 Waingereza wamekuwa wakiandika askari katika milima hiyo, na Wagurung walikuwa miongoni mwa waliopendelewa zaidi. Walakini kufa kwa ajili ya Uingereza kulikuwa rahisi kuliko kukaa Uingereza. Askari waliostaafu baada ya Julai 1997 walipata ruhusa ya kuhamia huko mwaka 2004. Wazee waliostaafu kabla ya hapo walingojea hadi mwaka 2009, baada ya mabishano makali mahakamani na Bungeni. Walifika katika miji kama Aldershot wakiwa na pensheni ndogo kuliko ya wenzao Waingereza. Basi ni kweli: hawa si matajiri.

Lakini ni nani aliyesema kwamba kutoa ni kazi ya matajiri? Wahenga wetu walinena: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wagurung hawakufundishwa kutoa na Uingereza. Tangu kale, huko kwao mlimani, vijana walifanya vikundi vya ujima viitwavyo nogar, wakalima shamba la huyu leo na la yule kesho. Watu wazima nao wana dhikur, ambayo mama zetu wangeitambua mara moja, kwa kuwa ni upatu: kila mmoja hutoa fungu lake, na jumla humwendea mmoja kwa zamu. Mtu aliyelelewa hivyo hangoji ashibe ndipo atoe. Ajua kwamba leo zamu ni ya jirani, na kesho itakuwa yake.

Tarehe 25 Aprili 2015 tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.8 liliipiga Nepali, na kitovu chake kilikuwa karibu na Barpak, kijiji cha wilaya ya Gorkha wakaacho Wagurung wengi. Karibu nyumba zote za mawe zilibomoka pale, na katika nchi nzima walikufa watu karibu 9,000. Mashirika makubwa ya dunia yalikwenda, nayo yalifanya kazi kubwa. Lakini shirika kubwa huuliza ramani. Chama cha wahamiaji huuliza majina. Chajua ni mjane yupi asiye na mwana, na ni shule ipi iliyo mbali na barabara. Pauni moja ya mzee haiezeki nyumba; ikiwekwa pamoja na pauni za wenzake mia tano, bati hupatikana. Hiyo ndiyo faida ya chama.

Wengine husema, "Basi na wapeleke kwao tu; Uingereza yahitaji nini kwao?" Mwaka 2011 mbunge wa Aldershot alimwandikia Waziri Mkuu kulalamika kwamba wahamiaji wa Nepali wameulemea mji. Miaka tisa baadaye, maradhi ya korona yalipoenea, jumuiya za Wanepali wa Uingereza ziliwapikia na kuwapelekea chakula wahudumu wa hospitali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakungoja kupewa, walilishika wenyewe.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mgeni ainunue heshima yake kwa sadaka. La hasha! Haki ya Wagurung ya kukaa kule ilikwisha kulipiwa kwa damu, na hata mgeni asiye na senti ana haki ya kutendewa kama mtu. Nasema hivi: apokeaye siku zote huhesabiwa mtoto, ajapokuwa na mvi. Amwambiaye maskini asitoe adhani amhurumia, kumbe amnyang'anya utu uzima wake.

Katika jambo moja mwenzangu alikuwa na haki. Kujionyesha kupo, na chama chochote chaweza kutumbukia humo: picha nyingi, mashada ya maua shingoni mwa wakubwa, na karamu iliyogharimu kuliko sadaka yenyewe. Walakini dawa yake si kuacha kutoa; dawa yake ni daftari. Wagurung wana sikukuu ya Losar, mwaka mpya wao, mwishoni mwa Desemba, ambapo watu hukusanyika kwa wingi. Siku kama hiyo mweka hazina na asimame kabla ya ngoma, asome zilizoingia, zilizotoka, na zilikokwenda. Aliyetoa shilingi moja ana haki ya kujua sawasawa na aliyetoa elfu.

Ninyi vijana msomao maneno haya, baadhi yenu mtakwenda kuishi miji ya mbali, na hapana shaka mtaunda vyama huko. Mtakapoambiwa kwamba mgeni hana cha kutoa, msikubali. Toeni kidogo mlicho nacho, kwa walio nyumbani na kwa jirani wa mlango wa pili, kisha fungueni daftari watu wote waone.