Makaa, Penseli na Almasi



Mama wa Kasongo apulizapo makaa jikoni, na mtoto wake achongapo penseli karibu naye, hawadhani kwamba wameshika ndugu wa almasi. Lakini ndivyo ilivyo. Makaa, grafiti iliyo ndani ya penseli, na almasi zichimbwazo Mbuji-Mayi, asili yao ni moja: kaboni. Tofauti ni mpango wa atomi zake. Katika grafiti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, nazo huteleza. Ndiyo sababu penseli huandika. Katika almasi kila atomi hushikwa na wenzake wanne. Ndiyo sababu almasi hukata kioo. Zilifanyika chini sana ardhini, kilometa 150 na zaidi, kwa joto kali na mgandamizo mkubwa.

Je, iko mipango mingine? Mwaka 2003 wataalamu waliibana grafiti pasipo kuipasha moto, kwa mgandamizo upitao mara 100,000 ule wa hewa inayotuzunguka. Ikawa ngumu hata ikaacha alama juu ya almasi. Walipoilegeza, ikarudi kuwa grafiti. Umbo lake lilikuwa fumbo.

Ndipo kompyuta zikaitwa kusaidia. Hupewa atomi chache, huzipanga kwa namna nyingi, na kwa kila mpango huhesabu nishati yake. Kama maji yatafutavyo bonde, atomi nazo hutafuta mpango wenye nishati ndogo. Mwaka 2009 hesabu zilitoa umbo lililoitwa kaboni-M. Punde wengine wakatoa maumbo yao, kila moja likionekana kufaa. Nani msema kweli? Hesabu peke yake haikuweza kuamua. Mwaka 2012 vipimo vipya vya eksirei viliunga mkono kaboni-M.

Hapo pana fundisho: hesabu huonyesha njia, jaribio huamua. Ninyi vijana wa Kabambare, mvutwao na dhahabu hata kutaka kuacha shule, lifikirini neno hili. Mwenye koleo tu hutegemea bahati na maneno ya mnunuzi. Ajuaye kuhesabu na kupima hadanganywi upesi. Nanyi wazazi, mtu akiwaletea jiwe ling'aalo na kuapa kwamba ni almasi, msitoe hata faranga moja kwanza. Mwombeni kipimo.