Wasee wa Subaru, Wacheni Vita vya Wamarekani

Kuna komenti moja nimechoka nayo. Mtu akipost tu Subaru ya turbo, iwe ni hapa Turbo ama pale Eldoret, lazima msee atokee aandike: "Bro, tafuta mafuta yasiyo na ethanoli, hiyo super itakuulia injini." Anapata laiki kama mvua. Chini yake kuna mwingine anauza kachupa ka kuongeza oktani, DM iko wazi.

Hiyo vita si yetu. Tumeitoa YouTube mzima mzima, pamoja na lafudhi. Marekani karibu petroli yote ya pampu imechanganywa na ethanoli ya mahindi, kawaida asilimia 10. Ethanoli hunyonya unyevu, na ikikaa ndani ya tanki miezi na miezi maji yanaweza kujitenga na kushuka chini. Mtu mwenye boti, pawaso, ama gari la 1970 linalolala garaji msimu mzima wa baridi ana sababu ya kulia. Wewe unaendesha Forester yako kila siku hadi Eldoret na kurudi. Mafuta yako yanakaa ndani ya tanki siku ngapi? Tatu? Na hiyo ni kama umejaza, jambo ambalo sote tunajua hujawahi kufanya.

Kenya tuliwahi kuchanganya. Miaka ya 1980 kulikuwa na petroli yenye ethanoli ya molasi ya miwa, kiwanda kikiwa Muhoroni. Mradi ukafa miaka ya 1990. Malawi walianza 1982 na wao hawakuacha. Uganda walipitisha sheria yao ya biofueli 2020. Kwetu serikali imeongea na kuongea, lakini super inayokuja kwa bomba hadi depo ya Eldoret haitoki kwa mpango wowote wa kuchanganya kama ule wa Marekani. Kwa hivyo unatafuta kwa bidii kitu ambacho tayari unauziwa.

Na hapa ndipo wataalamu wa komenti wananichekesha zaidi: ethanoli yenyewe ina oktani ya juu, RON ya karibu 109. Wamarekani wanaotengeneza magari ya nguvu kwelikweli wanaitafuta ile iliyojaa ethanoli, E85, wanabadilisha injekta na pampu ndio waitumie. "Bila ethanoli" na "oktani ya juu" ni maswali mawili tofauti. Safari Rally ya Naivasha, tangu 2022, magari ya daraja la juu yanakimbia kwa mafuta yasiyotoka kwa kisima cha mafuta kabisa. Yalipanda Sleeping Warrior bila kukuuliza.

Sasa tuongee oktani, kwa sababu hiyo ndiyo inaua injini za watu hapa.

Turbo inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikibanwa inapata moto. Plagi inawasha mchanganyiko, moto unaanza kutembea, lakini kama mafuta ni dhaifu kuna kona ya silinda inalipuka yenyewe kabla moto haujafika. Ni kama nyundo juu ya pistoni. Oktani ni kipimo cha mafuta kuvumilia bila kufanya huo ujinga. Gari lina sensa inayosikiliza, na kompyuta ikisikia inachelewesha plagi, unapoteza nguvu kidogo, injini inapona. Lakini wewe ulienda kwa fundi akakuongezea presha ya turbo kwa laptop, na faili aliyoiweka ilitengenezwa na mtu wa Texas. Hapo sensa inashindwa. Pistoni inapasuka pale zinaposhika ringi, gari linaanza kutoa moshi, na fundi anakwambia "injini imenok" kana kwamba ni malaria.

Huyo mtu wa Texas akisema "weka 93", hiyo 93 si RON. Wamarekani wanaandika wastani wa vipimo viwili, na 93 yao ni kama RON 98 ya huku kwetu. Wangapi kati yenu mlijua hiyo kabla ya kulipia rimapu?

Fungua kifuniko cha tanki. Gari lako lilitoka Japani, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa utakuta kastika ka Kijapani ambacho hakuna mtu amewahi kukisoma tangu likanyage Mombasa. Kwenye EJ20 nyingi za turbo kanasema weka premium. Premium ya Japani kisheria haishuki RON 96, na pampu nyingi huko zinauza ya 100. Super yetu ya kawaida haifiki 100. Kwa hivyo hata kabla fundi hajaigusa, hiyo injini tayari inaishi chini ya kile ilichoundiwa. Google Translate ni bure, elekeza kamera.

(Wa Vitz na Probox, nendeni kwa amani. Zenu Japani zinakunywa regular. Kumwekea Probox mafuta ya bei ghali ni kama kumvalisha punda viatu vya Kipchoge.)

Kuna wanaojitetea kwa mwinuko. Ni kweli, Eldoret iko kama mita 2,100 juu ya bahari na hewa ni nyembamba, kwa hivyo injini isiyo na turbo inasumbuka kidogo kuhusu oktani kuliko ikiwa Mombasa. Turbo ni hadithi nyingine. Inazunguka kwa kasi zaidi ili kufidia ile hewa iliyokosekana, na hewa inafika kwa silinda ikiwa moto zaidi. Mlima haukusaidii vile unafikiria. Halafu unashuka Kisumu wikendi, hewa inakuwa nzito, na bado uko na mafuta yale yale.

Lakini kitu kinachoniudhi kabisa ni hiki: msee anabishana ethanoli asubuhi, na jioni ananunua mtungi wa lita 20 kando ya barabara kwa sababu ni nafuu kuliko pampu.

Tuko kwenye barabara ya Malaba. Malori ya mafuta yanapita hapa mchana na usiku yakienda Uganda, na mafuta ya kuvuka mpaka hayajalipiwa ushuru wa Kenya. Hiyo tofauti ya ushuru ndiyo biashara. Petroli ya mtungi inaweza kuwa safi, inaweza kuwa imeongezwa mafuta ya taa, na muuzaji hana sababu yoyote ya kukwambia ni ipi. Mafuta ya taa yana oktani ya chini kabisa. Kidogo tu kinatosha kuigeuza super kuwa kitu ambacho turbo haitavumilia ukikanyaga. 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua huo mchezo, na mama aliyekuwa anapikia stovu ndiye aliumia kwanza. Hata leo mafuta ya taa bado huwa bei ya chini kuliko super, kwa hivyo majaribu hayajaisha. Na kama unadhani kunyonya mafuta kwa lori ni ujanja, uliza watu wa Sachangwan kuhusu Januari 2009. Zaidi ya watu 100 waliungua.

Kachupa ka DM nako, soma vizuri. Ikiandikwa "pointi 10," mara nyingi pointi ni sehemu ya kumi ya oktani, yaani umeongeza oktani moja. Nyingine zina chembe za chuma, plagi inageuka rangi ya kutu. Hiyo pesa ingeongeza lita za mafuta mazuri.

EPRA inatia alama kwenye mafuta, inapima vituo, na inachapisha orodha ya walioshindwa. Sawa, hongera. Lakini kituo kikilipa ushuru na faini kinafunguliwa tena, na aliyejaza hapo wiki ya katikati haambiwi kitu. Tarehe 14 kila mwezi tunaamka kuangalia bei mpya hadi senti. Oktani je? Pampu nyingi ninazoziona zimeandikwa Super, basi. Zile za majina kama V-Power na Excellium unauziwa jina na picha ya gari jekundu. Dawa ya kusafisha injini ni kitu kizuri, lakini usafi na oktani ni vitu viwili, na nikilipa zaidi kwa lita nataka kujua nanunua kipi. Marekani, hao hao mnaowaiga, kila pampu ina kibandiko cha njano chenye namba. Mngeiga hicho.

Ninachotaka ni namba ya RON kwenye kila pampu, kubwa, isomeke ukiwa ndani ya gari. Unga una namba ya KEBS, simu ina namba ya GB, kitu kinachoweza kupasua injini ya mkopo wa sacco hakina.

Nimeanza kuuliza kila nikijaza: "Hii ni oktani ngapi?" Jibu ninalopata ni "hii ni super, boss." Leo ulizeni na nyinyi, muweke jibu kwenye komenti na tarehe. Jina la kituo acheni, ila mkiona namba imeandikwa kwenye pampu, pigeni picha.