Huduma za Vijana Maktabani: Mipango Ianzie kwenye Saa za Kijana

Na Mwandishi Wetu

Mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne hufanyika kila mwaka mwezi Novemba, na masomo ya Kidato cha Tano huanza mwezi Julai wa mwaka unaofuata. Kati ya miezi hiyo miwili, kijana aliyehitimu hukaa nyumbani kwa zaidi ya miezi saba akisubiri kwanza matokeo, kisha uchaguzi wa wanafunzi wanaoendelea. Katika kipindi hicho hana mwalimu wala ratiba, na mara nyingi hana mahali tulivu pa kwenda pasipohitaji kununua kitu ili akae.

Maktaba ya umma ni miongoni mwa taasisi chache zinazoweza kumpokea kijana huyo bila kumuuliza daraja la ufaulu wake. Hata hivyo, ili impokee, ni lazima iwe imejipanga kwa ajili yake. Makala haya yanachambua namna huduma za vijana katika maktaba za umma zinavyoweza kupangwa, na kwa nini mipango hiyo inapaswa kuanzia kwenye saa na kalenda ya kijana kabla ya kufikiria jengo jipya au kompyuta mpya.

Msingi wa kisheria na kisera

Tanzania haianzi na karatasi tupu katika suala hili. Sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ya mwaka 1975. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Bodi hiyo, iliyo chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ndiyo yenye dhamana ya kuendeleza maktaba za umma Tanzania Bara, na wataalamu wa fani ya ukutubi huandaliwa, miongoni mwa vyuo vingine, katika chuo chake kilichopo Bagamoyo.

Kwa upande wa kimataifa, Ilani ya Maktaba za Umma ya Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba (IFLA) na UNESCO, iliyohuishwa mwaka 2022, inasisitiza kuwa huduma hizo zitolewe kwa usawa bila kujali umri, jinsia au hali ya kijamii, na kwamba kimsingi ziwe bila malipo. Msimamo huo una maana ya pekee kwa vijana, kwa kuwa kiingilio ambacho mtumishi mwenye mshahara hakioni kuwa kitu, kwa kijana asiye na kipato kinaweza kuwa sababu ya kuishia mlangoni.

Kijana yupi anayekusudiwa?

Kosa la kwanza katika kupanga huduma hizi ni kulichukua neno "vijana" kana kwamba lina maana moja. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamtambua kijana kuwa mtu mwenye umri wa miaka 15 hadi 35, kundi ambalo kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ni takriban theluthi moja ya Watanzania wote 61,741,120. Wakati huohuo, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Hivyo basi, binti wa miaka 16 aliyeko Kidato cha Pili na dereva wa bodaboda wa miaka 30 wote ni vijana kisera, ingawa mahitaji yao na ulinzi wanaostahili ni tofauti.

Katika hali halisi, maktaba inakabiliwa na makundi manne. Lipo kundi la mwanafunzi anayetoka shuleni alasiri. Lipo la mhitimu anayesubiri hatua inayofuata. Lipo la kijana aliye nje ya mfumo wa shule anayejitafutia riziki. Na lipo la mhitimu wa chuo anayetafuta ajira. Maktaba yenye sehemu ya watoto upande mmoja na ukumbi wa watu wazima upande mwingine huwaacha wote hawa bila sehemu yao. Wengi wanaofika huja na madaftari yao, husoma kwa ajili ya mtihani na kuondoka bila kugusa rafu. Kutoa meza, mwanga na utulivu ni huduma ya maana, lakini haitoshi kuitwa mpango wa vijana.

Saa kabla ya jengo

Saa rasmi za kazi serikalini ni kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Maktaba yoyote inayofuata saa hizo bila marekebisho hufunguliwa wakati mwanafunzi yuko njiani kwenda shule, na hufungwa wakati anatoka. Kijana anayefanya kazi gereji au sokoni naye huikuta imefungwa. Jengo linaweza kuwa zuri na vitabu vikawa vipya, lakini kwa makundi hayo mawili ni sawa na kutokuwepo.

Yapo marekebisho yasiyohitaji fedha nyingi. Maktaba inaweza, kwa siku mbili za juma, kufungua saa 4:00 asubuhi na kufunga saa 12:00 jioni, ili jumla ya saa za kazi ibaki ileile huku saa za vijana zikiongezeka. Aidha, watumishi wanaweza kupangwa kwa zamu ili Jumamosi mchana iwe siku ya shughuli za vijana. Panapohitajika kuongeza saa, gharama za mlinzi, umeme na posho ziingizwe kwenye bajeti mapema badala ya kuachiwa moyo wa kujitolea wa mkutubi mmoja.

Upangaji huo uzingatie pia usalama wa watoto wa kike. Katika nchi iliyo karibu na Ikweta, giza huingia mapema jioni mwaka mzima. Programu inayomalizika saa 1:00 usiku itajaa wavulana, na baadaye itasemwa kuwa wasichana hawapendi kusoma. Kwa msichana, Jumamosi mchana ina thamani kuliko usiku wa siku yoyote ya juma.

Historia yetu inatoa funzo katika hili. Kampeni za kisomo za miaka ya 1970 zilisaidia kupunguza idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika kutoka zaidi ya asilimia 60 katika miaka ya 1960 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986 kwa takwimu rasmi. Madarasa mengi yalifanyika alasiri, mkulima akiwa ametoka shambani. Ratiba ilitungwa kwa kumfuata msomaji alipo, na vitabu na magazeti ya vijijini yakaja kuendeleza kile alichojifunza.

Programu zinazogusa maisha

Baada ya saa, linafuata suala la maudhui. Huduma nyingi za Serikali zinazomhusu kijana sasa hupatikana kwa njia ya mtandao: maombi ya ajira serikalini hupitia mfumo wa Ajira Portal, na maombi ya mikopo ya elimu ya juu hupokelewa kwa njia hiyohiyo. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya vijana. Kijana anayekosea kujaza fomu hupoteza fursa, na anayelipa mtu amjazie huhatarisha taarifa zake binafsi. Maktaba inaweza kutenga siku moja ya juma ambapo mkutubi, kwa kushirikiana na Ofisa Maendeleo ya Jamii, huwaelekeza vijana kujaza fomu hizo wenyewe.

Vilevile, utekelezaji wa mitaala iliyoboreshwa ulioanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Mwanafunzi wa umeme, ushonaji au kilimo anahitaji vitabu vya fani yake, na fundi kijana aliyeko mtaani anavihitaji vilevile. Kwa wanaosomea nyumbani, Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na maktaba ya umma ni mahali panapofaa kumwonesha kijana namna ya kuvipata. Kwa wenye vipaji vya kuandika, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022, ni sababu tosha ya kuwa na klabu ya waandishi chipukizi katika kila maktaba ya mkoa. Vijana wenye ulemavu wasisahaulike. Vitabu vya nukta nundu na njia ya kupitisha kiti mwendo vipangwe tangu mwanzo.

Wapo wanaohoji iwapo haya yote yana ulazima wakati kijana wa leo anashika simu yenye kila kitu. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijakamilika. Bando lina gharama, nyumba nyingi hazina meza wala utulivu, na simu haimfundishi mtumiaji kutofautisha tangazo halali la ajira na la matapeli. Mkutubi aliyefunzwa anaweza kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo, kila maktaba imteue mtumishi mmoja anayewajibika kwa vijana, na pawe na kona ambapo majadiliano yanaruhusiwa bila kuwasumbua wasomaji wengine.

Kushirikisha na kupima

Mpango wa vijana usioandaliwa na vijana huwa na maisha mafupi. Kamati ndogo yenye wavulana na wasichana, waliomo shuleni na walio nje, inaweza kukutana na mkutubi kila robo mwaka na kusema kipi kiendelee na kipi kiachwe. Muhimu zaidi, waulizwe vijana wasiofika maktabani, kwa kuwa wao ndio wanaojua kinachowazuia.

Mafanikio yasipimwe kwa idadi ya waliosaini daftari la mlangoni pekee. Vipimo vya maana ni wangapi wamerudi mara ya pili, wangapi wamekamilisha maombi yao na ni wasichana wangapi wamehudhuria. Kumbukumbu hizo zitunzwe kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hususan kwa walio chini ya miaka 18.

Mwananchi naye ana nafasi yake. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya halmashauri hujadiliwa miezi mingi kabla, kuanzia mikutano ya mtaa na kijiji, Kamati ya Maendeleo ya Kata hadi Baraza la Madiwani. Mzazi au kijana anayetaka maktaba ya wilaya yake ifunguliwe Jumamosi aiseme hoja hiyo huko, kwa wakati, na iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Novemba nyingine itafika, na maelfu ya vijana watatoka kwenye vyumba vya mtihani wakiwa na miezi saba mbele yao. Baadhi yao watapita mbele ya maktaba ya umma siku hiyohiyo alasiri. Mipango inayofanyika sasa ndiyo itakayoamua kama wataikuta wazi.