Dongodongo si dawa ya kidonda cha tumbo

Ndugu mutumikaji, na wewe mama wa nyumba, huko Lukafu munajua ute wa dongodongo unavyoteremusha bukari vizuri. Ute ule ni sukari nyingi zilizoungana kama munyororo murefu. Ndani ya maji unavimba na kuwa muzito. Tumbo nalo lina ute wake, unaolinda ngozi yake ya ndani isiunguzwe na asidi.

Mara nyingi kidonda kinaletwa na kijidudu Helicobacter pylori, ambacho Warren na Marshall walikitambua kule Australia katika miaka ya 1980, ao na vidonge kama aspirini. Katika majaribio ya maabara, maji ya dongodongo yalizuia kijidudu hicho kisishikamane na nyama ya tumbo. Lakini chupa ya maabara si tumbo la mutu!

Basi, kula dongodongo, ni chakula kizuri. Ila usimeze aspirini kila siku ya kazi, jioni lutuku juu yake, halafu kungojea sahani ya bibi itengeneze yote. Ukiona choo cheusi kama lami, ao ukitapika damu, kwenda lopitalo saa ile ile, hata zamu haijaisha. Na dawa za kuua kijidudu, maliza zote munganga alizokuandikia, hata kama maumivu yameisha siku ya tatu.