Maua yanapopungua mashambani: nyuki wanatufundisha nini kuhusu meza ya pamoja?

Tarehe 18 Agosti 2024 ilianza kutumika katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya kurejesha mazingira ya asili yaliyoharibika. Miongoni mwa masharti yake, nchi wanachama zinatakiwa kukomesha kupungua kwa wadudu wachavushaji ifikapo mwaka 2030. Sheria hiyo ilipita baada ya mabishano makali, kwa kuwa wakulima wengi waliiona kuwa mzigo mpya juu ya mizigo waliyo nayo. Tunapenda kuitafakari habari hii, kwani chini ya mabishano hayo kuna swali linalomhusu kila mwamini: mwenye nguvu anapobadilisha kinachopandwa shambani, ni nani anayekosa chakula?

Kati ya wachavushaji wanaotajwa sana huko Ulaya ni nyuki wakubwa wenye manyoya mengi, ambao wanasayansi huwaita Bombus. Tofauti na nyuki wa asali, hawa hawajiwekei akiba kubwa mzingani. Wanachokikusanya huwatosha kwa siku chache tu. Malkia huamka peke yake baada ya baridi kali na kuanzisha kundi jipya, na tangu siku hiyo hadi mwisho wa kiangazi lazima maua yapatikane mfululizo. Nekta huwapa nguvu ya kuruka, na chavua huwalisha watoto wao. Tena, ndimi zao hazilingani: wenye ndimi ndefu hutegemea maua yenye kina kirefu, na wenye ndimi fupi hutegemea maua yaliyo wazi.

Kwa miaka mingi chakula kikubwa cha nyuki wenye ndimi ndefu kilikuwa klova nyekundu, mmea wa jamii ya kunde uliopandwa ili kulisha mifugo na kurutubisha udongo. Mbolea za viwandani zilipoenea, klova ikaonekana haina kazi tena. Malisho ya asili yakalimwa, na nyasi za aina moja zikachukua nafasi yake. Inakadiriwa kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1980, England na Wales zilipoteza takribani asilimia 97 ya malisho ya asili yenye maua. Aina moja ya nyuki hao, Bombus subterraneus, ilionekana kwa mara ya mwisho huko Dungeness, kusini mwa England, mwaka 1988, na mwaka 2000 ikatangazwa kuwa imetoweka Uingereza.

Je, nyuki hawakuweza kubadili chakula? Mwaka 2008, watafiti David Kleijn na Ivo Raemakers walichapisha matokeo ya kazi yenye subira kubwa. Walichunguza chavua iliyokuwa bado imeshikamana na miguu ya nyuki waliohifadhiwa katika makumbusho ya Uholanzi, Ubelgiji na Uingereza tangu kabla ya mwaka 1950. Walibaini kwamba aina ambazo baadaye zilipungua zilikuwa zikila mimea michache zaidi, karibu theluthi moja pungufu, ingawa ziliishi mahali pamoja na zile zilizodumu. Zaidi ya hayo, mimea zilizoitegemea ndiyo hasa iliyotoweka. Waliozoea vyakula vingi wakasalimika. Waliofungamana na maua machache wakaanguka pamoja nayo.

Ni kweli kwamba viumbe hawa wana uwezo wa kustaajabisha. Kusini mwa England, baadhi yao sasa hufanya kazi hata wakati wa baridi, wakila maua ya kigeni yaliyopandwa kwenye bustani za mijini. Mwaka 2020, watafiti wa Uswisi walieleza kwamba nyuki hao wakikosa chavua hutoboa majani ya mimea, na mimea hiyo ikatoa maua mapema: haradali nyeusi kwa takribani wiki mbili, na nyanya hata kwa mwezi mmoja. Mbele ya habari kama hizi twaweza kushawishika kusema kwamba viumbe watajitafutia njia. Lakini tusidanganyike. Aliyesalimika kwa kula mabaki si shahidi kwamba meza imeandaliwa vema. Viti vya waliokufa viko wazi, nasi huhesabu waliobaki tu.

Katika waraka wa Laudato si', aya ya 34, Hayati Papa Francisko alitukumbusha kwamba viumbe wadogo na wasioonekana kirahisi wana nafasi muhimu katika kudumisha uwiano wa mazingira. Nyuki hawa hawatupatii asali, wala nta yao haiwaki katika mshumaa wa Pasaka. Hata hivyo wana thamani yao mbele ya Muumba kabla ya kutufaa sisi kwa lolote. Wala tusiwahukumu wakulima kwa wepesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia waliambiwa wazalishe chakula kingi kwa haraka, nao wakatii. Ni haki basi gharama ya kurejesha maua ibebwe na jamii nzima, asiachiwe mwenye shamba peke yake.

Matunda ya juhudi hizo yanaonekana. Huko Dungeness na maeneo jirani, wakulima walipanda tena mimea yenye maua, na kuanzia mwaka 2012 malkia wa aina ile iliyotoweka waliletwa kutoka Sweden. Aina nyingine adimu, ambazo hazikuwa zimeonekana hapo kwa miaka mingi, zilirudi zenyewe.

Kwetu Afrika Mashariki nyuki wa aina hiyo hawapo kiasili, lakini tunao wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao kavu, ambao bila wao wakulima wa pasheni wangevuna kidogo sana. Nao pia wanahitaji maua ya mwaka mzima na miti mikavu ya kuzalia. Parokia nyingi zina ardhi. Tunaweza kuacha ukanda usiofyekwa pembezoni mwa uwanja wa kanisa, kupanda miti inayochanua kwa majira tofauti, na kuhimizana kunyunyizia dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi makaoni. Jumuiya ndogondogo zikikutana, na ziulizane jambo hili pia: katika eneo letu, ni mmea gani uliokuwapo enzi za wazee wetu ambao leo haupo, na ni nani aliyekuwa akiutegemea? Jibu litatuonesha mahali pa kuanzia.