Merikebu Iliyobeba Dhulma

Wanaoandika tarikh ya vita vya baharini aghalabu huipima merikebu kwa mizinga yake na kwa maadui iliowashinda, na kwa kipimo hicho La Chiffonne, frigeti ya Kifaransa iliyojengwa Nantes mwaka 1799, haipati ila mistari michache, kwani iliitumikia dola yake muda mfupi ikatekwa. Mimi nashikilia kwamba kipimo hicho kinapotosha, na kwamba sisi tukaao kando ya Bahari ya Hindi tuna wajibu wa kuikumbuka merikebu hiyo kwa ajili ya watu iliowapakia.

Jioni ya tarehe 24 Desemba 1800, Napoleon Bonaparte alipokuwa njiani kwenda opera mjini Paris, pipa la baruti lililofichwa juu ya gari la farasi lililipuka katika barabara ya Saint-Nicaise, likaua wapita njia, naye akaokoka. Papo hapo aliwatwika lawama Majakobini, wafuasi wa Mapinduzi waliomchukia kwa kuipoka jamhuri. Na ijapokuwa Fouché, waziri wake wa polisi, aliwashuku watu wa upande wa mfalme, na uchunguzi ukaja kumsadikisha, amri ya kuwapeleka uhamishoni watu 130 ilipitishwa Januari 1801, pasina hata mmoja wao kufikishwa mbele ya hakimu. Mwezi wa Aprili wawili katika wahalifu wa kweli walikatwa vichwa. Na mwezi huo huo wa Aprili La Chiffonne iling'oa nanga kuelekea Shelisheli, imewachukua 32 wasiohusika na tukio lile. Serikali iliyokwisha kuwajua wenye kosa haikuona haya kuwafukuza wasio na kosa, na kwangu mimi hiyo ni dhulma isiyo na udhuru.

Mwezi wa Agosti frigeti ya Kiingereza, Sibylle, iliikuta La Chiffonne bandarini Mahé, huko Shelisheli, mlingoti wake wa mbele umeshushwa kwa matengenezo, ikaiteka kwa mapigano yasiyotimia nusu saa. Wahamishwa walibaki nchi kavu, na huko walichukiwa na wenye mashamba, waliohofu kwamba watu waliozoea kuhubiri uhuru wangewaamsha watumwa wao, ambao wengi walikuwa wametolewa Msumbiji na pwani yetu ya Mrima. (Ni hofu inayotujulisha mengi juu ya mashamba yale kuliko juu ya wahamishwa wenyewe.) Basi mwaka 1802 baadhi yao walitupwa tena, safari hii Nzuwani, katika visiwa vya Komoro, miongoni mwao Jenerali Rossignol, aliyekuwa katika umati ulioivamia ngome ya Bastille mwaka 1789; na huko wengi wao, pamoja na jenerali huyo, walifariki mwaka huo huo, mbali na wake na watoto wao, kwa kosa walilotenda wengine.

Ama merikebu yenyewe, Waingereza waliitia katika jeshi lao bila ya kuibadilisha jina. Mwaka 1809, chini ya Nahodha Wainwright, iliongoza msafara ulioingia Ghuba ya Uajemi kuupiga mji wa Rasi al-Khaima na kuchoma majahazi ya Maqasimu, wenyeji wa mji huo, na Januari 1810 ikashiriki kuishambulia Shinasi, bega kwa bega na askari wa Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyekuja baadaye kuifanya Unguja makao yake. Iliuzwa mwaka 1814.

Kwa hiyo nawasihi walimu wetu wa tarikh, wafikapo kwenye habari za Sayyid Said au za Mapinduzi ya Ufaransa, waitaje La Chiffonne, tena waanze na wale 32 kabla ya mizinga. Rossignol aliacha kumbukumbu za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, zikachapwa Paris mwaka 1896, nazo zastahili kufasiriwa kwa Kiswahili.