TULINDE MAJINA YETU

Siku hizi mfanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu na mvuvi wa kisiwani Ukerewe hununua bidhaa kwa simu, bila kumwona muuzaji. Haya ni maendeleo, nasi twayaunga mkono. Lakini matapeli nao hawakulala.

Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Tangu hapo tapeli hutafuta jina la mwenzake la kujifichia. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja, "Kidole hakijasoma, rudia," kumbe anasajili laini ya pili. Laini hiyo ikitumika kuwaibia wanunuzi au kukopa fedha, anayetafutwa ni mwenye kidole, asiye na hatia.

Kila mwananchi hana budi kupiga *106# na kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya siri asipewe yeyote, hata ajiitaye mtumishi wa kampuni ya simu.

Hata hivyo, mzigo huu si wa mnyonge peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022. Viongozi wa wilaya na kata waifikishe migodini na visiwani, na mawakala wadanganyifu washitakiwe. Sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu.